Kibao Shingoni mwa Misi

Juzi mvua ilininyeshea nikitoka kumfunga ndama, na ile kamba ya ngozi niliyokuwa nimeivaa shingoni ili mikono ibaki huru ikalowa chapachapa. Nilipoketi jikoni nikaisikia harufu yake. Ni harufu ya ngozi iliyokauka miaka mingi halafu ikalowa tena, ina uchachu kidogo, kama maziwa yaliyosahauliwa kwenye kibuyu. Nilikuwa nimeshainua kikombe. Nikakirudisha mezani. Mjukuu wangu Nyambura akaniuliza, "Cucu, kwani chai iko na nini?" Nikamwambia chai haina kitu. Lakini shingo yangu ilikuwa imekumbuka, na shingo ikianza kukumbuka, kichwa hakina budi kufuata.

Kwa hivyo ketini. Mtanisamehe Kiswahili changu, maana sikufundishwa na mwalimu. Nilikiokota sokoni Karatina nikiuza kabeji, nikakipanga vizuri kwa kusikiliza redio. Kizungu kilinipita. Na Kikuyu, lugha niliyonyonya nayo, nikijaribu kukiandika mpaka leo mkono unasitasita kama mtu anayetazama nyuma kuona nani anakuja. Ndiyo habari yenyewe hiyo.

Shule yetu ilikuwa upande wa Tetu, juu ya mashamba ya chai, mahali ambapo asubuhi ukiamka mapema unauona Mlima wote, na ifikapo saa tatu umeshajifunika. Ilikuwa miaka michache tu baada ya uhuru. Bendera mpya ilipeperushwa kwenye mti wa mkaratusi uliokatwa matawi, na hedimasta wetu alikuwa Mwafrika, Mkikuyu kama sisi, mwenye kaptura ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ungeweza kukata mkate kwa mkunjo wake. Wazazi walimpenda sana. Walisema huyu ndiye atatutolea madaktari.

Yeye ndiye aliyeleta kibao. Kilikuwa kipande cha mti, upana wa kiganja, kimetobolewa tundu kwa msumari wa moto na kupitishwa kamba ya ngozi. Hakikuandikwa chochote. Asubuhi, mtoto wa kwanza kusikika akiongea Kikuyu alivishwa. Alikivaa mpaka amsikie mwenzake akiteleza, ndipo amvishe. Huyo naye akamtafuta mwingine. Kengele ya saa kumi ikilia, yule ambaye kibao kimelala naye alichapwa mbele ya shule nzima na jina lake likaandikwa. Pembeni kilikuwa na alama za meno. Watoto waliking'ata kwa hasira wakisubiri, na wewe ukivishwa ulisikia unyevu wa mate ya mwenzako kwenye kifua chako.

Mnafikiri kilitufundisha Kizungu? Kilitufundisha kuwinda. Tulijua kwamba mtu akiumia hupiga kelele kwa lugha ya kwao, hakuna anayelia kwa Kizungu. Kwa hivyo tulichomana kwa miiba, tulifinyana, tulimwagiana maji ya baridi mgongoni, kisha tukasikiliza.

Nilikuwa na rafiki, Nyaguthii. Tulitoka kijiji kimoja, tulichota maji pamoja, na nyumbani kwao nilikula kama kwetu. Nyaguthii alikuwa na funza kwenye kidole kikubwa cha mguu, kidole kimevimba kama nduma, akitembea kwa kisigino. Ijumaa ile ninayowaambia, kibao kilinipata asubuhi na mapema, kwa sababu nilimsalimia mpishi wa shule bila kufikiri. Nikazunguka nacho mpaka saa nne. Nikamwona Nyaguthii ameketi kwenye ngazi, mguu ameuweka juani. Nikampita kama ninakimbia, nikakanyaga kile kidole kwa kisigino changu. Kwa makusudi. Nilipima.

"Uuui, maitũ!" akalia. Yaani, mama yangu weh.

Nikamvisha hata kabla hajamaliza kulia. Aliniangalia tu. Mimi nikaenda kucheza kamba.

Sasa mniulize mbona niliogopa hivyo, kwani fimbo ni nini, watoto wote walichapwa. Si fimbo. Muhula ule hedimasta alikuwa ametangaza kwamba mtoto wa darasa la saba ambaye kibao kitalala naye mara tatu, jina lake halitapelekwa Nyeri kuandikishwa mtihani. Na bila mtihani hakuna sekondari, hakuna ualimu, hakuna unesi, hakuna kitu. Kwangu kilikuwa kimelala mara mbili. Mama yangu alikuwa ameniambia, bila ukali, kama mtu anayesema kesho ni Jumamosi, "Wangeci, ukikosa huo mtihani, jembe ni lile pale nyuma ya mlango." Na majina yalikuwa yanapelekwa Jumatatu.

Ngojeni kwanza niwaambie juu ya Misi, maana bila yeye hamtaelewa.

Misi alikuwa mwalimu wetu wa Kizungu, mwanamke mwembamba mwenye nywele za rangi ya kutu. Wazee walimwita Mwingereza, na yeye alikasirika mpaka masikio yakawa mekundu. "Mimi si Mwingereza! Mimi natoka Ayalandi!" Sisi tuliona ni kama mbuzi kukataa kuitwa mbuzi kwa sababu ana madoa. Lakini alitueleza, na alieleza kwa uchungu. Alisema kwao Waingereza walikaa miaka mingi kuliko walivyokaa kwetu, wakaiua lugha yao karibu yote. Alisema kuna watu wanaoifufua, na yeye ni mmoja wao.

Alikuwa na marafiki watano huko kwao. Walikuwa wameapa kwamba hawataandikiana neno hata moja la Kizungu maisha yao yote. Hata mtu akiugua. Hata akifiwa. Mmoja wao alifiwa na mama yake, Misi akatuambia, na akaandika habari za mazishi kwa lugha ile ambayo alikuwa bado anajifunza ukubwani, na makosa yake tele, kwa sababu alikuwa ameapa. Misi alipokuwa akitueleza hayo machozi yalimlengalenga. Sisi tulimwangalia kwa huruma, watoto arubaini na kitu, kibao kimekaa shingoni mwa mmoja wetu.

Barua zililetwa Ijumaa na hedimasta kwa baiskeli kutoka posta ya Nyeri. Ndiyo maana tulimwita Misi wa Barua. Za kwake kwenda kwao aliziandika anwani kwa lugha hiyohiyo, na jina la nchi yao akaliandika kwa lugha yao, Éire. Karani wa posta akairudisha moja, akasema ati hakuna nchi kama hiyo. Misi hakukubali kuandika jina la Kizungu. Akaipeleka tena. Ikarudi tena. Akaenda mwenyewe kwa mguu, akasimama dirishani mpaka karani akachoka akaigonga muhuri. Alituhadithia darasani akitembea huku na huku, mikono hewani, na mwisho akasema, "Mtu asikubali kuambiwa nchi yake haina jina." Tukampigia makofi. Niliyapiga kuliko wote. Nilimpenda Misi, sijui kama nimesema. Nilimpenda sana.

Turudi Ijumaa.

Mchana, baada ya kula githeri, darasa lilikuwa na joto na mvua ilikuwa inajikusanya huko milima ya Aberdare. Tulikuwa tunasoma kimyakimya. Nikasinzia. Nikaota niko shambani, mama ananiita kutoka upande wa pili wa mto, na mimi, kama mtoto yeyote mwenye adabu, nikaitika kwa Kikuyu. Kwa sauti.

Nilipofungua macho darasa lote linacheka, na Nyaguthii ameshainuka. Alitembea kwa kisigino mpaka kwenye dawati langu, taratibu, hana haraka. Akanivisha. Akaniwekea kibao vizuri katikati ya kifua, kama mama anayemvalisha mtoto kwenda kanisani.

"Sasa uko na yako," akasema kwa Kizungu.

Saa nane na nusu. Nilikuwa na saa moja na nusu. Habari ilikuwa imeenea kwamba Wangeci ana cha tatu, na shule nzima ikafunga midomo. Nikitokea, wanabana meno. Nilimchoma msichana mmoja na mwiba, akauma kola ya gauni lake na kulia bila sauti. Nilimnyang'anya mwingine mpira wake wa matambara. Akaniambia, "Thenki yu, Wangeci," na wenzake wakaanguka chini kwa kicheko. Wakanifuata kwa mstari wakiimba, "Thenki yu! Gudi moningi!" Nikakimbia nyuma ya nyumba ya Misi, penye ua wa kayaba, nikajificha kulia.

Ndipo nikasikia sauti.

Misi alikuwa ameketi barazani, barua mkononi, anasoma kwa sauti. Hakuwa anasoma Kizungu. Ilikuwa lugha ya kooni, yenye upepo ndani yake. Alisoma mstari, akacheka peke yake, akaurudia, akaujibu kana kwamba mwenye barua yuko pale.

Ninawaapia sikuwa na ujeuri. Nilikuwa na sheria. Sheria ilisema: utakayemsikia akiongea lugha ya kwao ndani ya boma la shule, mvishe. Haikusema mtoto. Haikusema Mwafrika. Na Misi mwenyewe alikuwa ametuambia, siku ile ya karani wa posta, kwamba hii ndiyo lugha ya mama zake. Nikaona Mungu amenifungulia mlango. Nikapanda ngazi, nikaivua kamba, nikamvisha.

"Misi," nikamwambia kwa Kizungu changu cha kuchechemea, "umeongea lugha ya mama."

Barua ilishuka magotini. Akakishika kile kibao kwa vidole viwili, akavipitisha juu ya zile alama za meno, moja baada ya nyingine, na uso wake ukapoteza rangi mpaka madoa yake yakaonekana kama yamemwagwa juu ya karatasi. Akasema neno dogo kwa lugha yake. Sikuliuliza maana. Halafu akaniambia, "Umesema kweli, Wangeci. Sheria ni sheria."

Hakukivua. Kengele ilipolia, alitembea nacho shingoni mpaka kwenye bendera. Mimi nilitembea nyuma yake, na mwili wangu ulikuwa mwepesi kama ganda la mahindi. Nilishaanza kujiona na soksi ndefu za sekondari.

Shule ilikuwa imepangwa mistari. Watoto walipoona, hakuna aliyekohoa. Hedimasta alikuwa ameshika fimbo nyuma ya mgongo. Alimtazama Misi, akakitazama kibao, akatabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Ni nani amefanya hii kitu?"

Misi akafungua mdomo. Nilimwona akifungua. Alikuwa akitazama mistari yetu, watoto mia mbili, na walimu wenzake kando, na mwalimu mmoja wa hesabu akafunika mdomo kwa daftari, mabega yakitikisika. Nafikiri ni yale mabega. Misi akawa mwekundu kuanzia shingoni. Akaivua kamba kwa haraka, ikakwama kwenye nywele zake, akaivuta. Akamwambia hedimasta maneno machache, chinichini, kwa Kizungu.

Hedimasta akacheka kwa sauti. Kiswahili alikuwa akikitumia kwa matusi tu, na siku hiyo akakitumia, ili mtoto wa mwisho wa darasa la kwanza aelewe.

"Misi anasema ati mtoto amekosea. Anasema yake ni lugha. Iko na vitabu, iko na mashairi. Yenu ni kilugha." Akakichukua kibao kwa Misi. "Wangeci, njoo uchukue kilugha yako."

Shule nzima ikaangua kicheko. Nyaguthii naye. Nikachapwa sita, kibao shingoni, nimeshika vidole vya miguu, na Misi amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Viatu vyake vilikuwa vya kamba, rangi ya maini. Havikusogea.

Jumatatu majina yalienda Nyeri. Langu halikuwemo.

Nilimwambia mama ukweli wote. Hakunipiga. Alioga, akavaa gauni lake la kanisani na kitambaa chake cheupe cha kichwani, akanishika mkono, tukapanda mpaka shuleni. Hakwenda kwa hedimasta. Mama alikuwa amesikia kwamba Misi ni mtu aliyenyang'anywa lugha, akafikiri huyo ataelewa.

Tulimkuta barazani, anaandika. Mama akasimama chini ya ngazi, akaanza kuongea. Ninyi mnaojua Kikuyu cha wanawake wa zamani mnajua kilivyokuwa. Hakulia, hakuomba. Alimweleza Misi jinsi nilivyozaliwa wakati wa hali ya hatari, katika kijiji ambamo Waingereza waliwafungia watu kwa handaki na waya, na jinsi alivyoniapia kwamba mimi sitalima shamba la mtu. Alisema, "Wewe ni mwanamke. Mrudishe huyu mtoto kwenye karatasi." Alisema mengi, na yote yalikuwa mazuri, na Misi hakuelewa hata neno. Alikuwa akinitazama mimi. Mama naye akanigeukia.

"Mwambie."

Nikakaa kimya.

"Wangeci. Mwambie basi nimesema nini."

Na mimi, mtanisamehe, nilikuwa ndani ya boma la shule. Ningemtafsiria Misi kwa Kizungu, naam, lakini kwanza ilinibidi nimuulize mama neno moja au mawili, na nimjibu, kwa Kikuyu, mahali pale. Nilimwona hedimasta dirishani kwake. Nikatazama chini. Mama alisubiri. Halafu akaniachia mkono, akafunga kitambaa chake upya, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe wamekumaliza." Akashuka peke yake. Mpaka alipokufa aliamini nilimwonea haya mbele ya Mzungu. Nilijaribu kumweleza mara nyingi. Alikuwa akiniambia, "Sawa, mama, nimesikia," na kuendelea kumenya viazi.

Jembe lilikuwa nyuma ya mlango kweli. Nililishika miaka hamsini. Nyaguthii alifaulu, akawa nesi, akazaa watoto wenye magari. Misi alirudi kwao mwaka uliofuata.

Lakini mimi sikumchukia Misi. Hapo ndipo mtanishangaa. Miaka hiyo yote nilijiambia hakujua. Nilijiambia ni mgeni, alitishwa na kile kicheko, hakuelewa kibao ni nini wala jina langu limeenda wapi. Mtu akikuumiza bila kujua unaweza kulala. Nililala vizuri.

Mwaka juzi akaja msichana wa kwao, mjukuu wa dada yake Misi, mwenye zile nywele za kutu. Alikuwa akikusanya barua za wale marafiki sita, ati siku hizi huko kwao ni watu wa heshima kubwa, lugha yao iko redioni. Amekuja kuona mahali palipotajwa. Watu wakamwelekeza kwangu. Alikuwa na nakala ya barua moja, iliyoandikwa Jumapili ile, siku mbili baada ya kibao, yaani siku moja kabla majina hayajaenda. Aliisoma kwa lugha ile ya upepo, akaigeuza kwa Kizungu, na Nyambura akanigeuzia mimi.

Misi ameandika kila kitu. Ameandika kuhusu kamba na alama za meno. Ameandika kwamba bibi yake, alipokuwa mtoto, alivishwa kijiti shuleni, na kila neno la kwao alilosema kilitiwa alama kwa kisu, na jioni alichapwa kwa hesabu ya zile alama. Bibi ndiye aliyemfundisha lugha hiyo. "Nilipokishika," ameandika, "nilijua ninashika nini. Nikakivua. Nikamrudishia mtoto." Na mbele kidogo ameandika kwamba kesho watamfuta mtoto huyo kwenye mtihani, na kwamba yeye atasema neno akipata ujasiri.

Nyambura aliishia hapo. Nikamwambia, "Endelea."

Kulikuwa na jibu la rafiki yake. Mwandiko mzuri, umelala wote upande mmoja. Anamwambia hii ndiyo barua bora kuliko zote alizowahi kuandika. Anamsahihisha makosa manne ya tahajia. Anasema ameisoma kwenye mkutano wao, na wanawake wamelia, na wanaume wazima wametoka nje, na anaomba ruhusa ya kuichapa kwenye gazeti lao.

"Ameuliza mtoto alikuwaje?" nikauliza.

Nyambura akamwuliza mgeni. Mgeni akapitisha kidole mstari kwa mstari, kurasa zote mbili, kisha akazigeuza nyuma kana kwamba labda swali hilo limeandikwa huko.

"Hapana, Cucu."

Basi ndiyo hivyo. Niliyoyaelewa uzeeni ni kwamba Misi alijua kuliko mimi. Mimi nilijua fimbo tu. Yeye alijua fimbo, na bibi yake, na Jumatatu. Alichukua uchungu wangu akauandika vizuri sana, na watu wa mbali wakalia, na kulia kwao kukatosha. Siku hizi usiku ninakaa macho.

Yule msichana alikuwa analia pia. Akaniambia kwamba barua hizo zitakuwa kitabu, na akauliza kama kuna kitu ningependa kiongezwe chini ya ile ya Misi. Alikuwa ameshatoa kalamu.

"Andika," nikamwambia, "mtoto hakufanya mtihani."

Akauliza aandike kwa lugha gani. Nilimwona jinsi alivyouliza, kwa heshima, amejiandaa kuandika Kikuyu herufi kwa herufi kama nikimtajia.

"Yako," nikamwambia. "Wale waliolia ndio wasome."